Nilichokiona Kisaaweni Saa Nne Asubuhi

Rehema, mama,

Umetoka saa nane kwenda Kansanga kumuaga mama mdogo Kavira, na mama yako hajarudi kutoka kanisani. Nyumba ni yangu peke yangu mpaka jioni. Sanduku lako liko sebuleni, limefungwa kamba ingawa zipu yake ni nzima, maana mama yako haamini zipu. Kesho alfajiri unapanda basi la Nairobi. Mimi nimekaa mezani na kalamu kama mtu aliyeitwa kituoni kuandika maelezo, ila hapa hakuna wa kuniuliza maswali.

Mambo ya kula, kulala, baridi ya Nairobi na wanaume wa Nairobi sitayagusa. Mama yako ameyasema mara tatu, na ya tatu ukaitikia "ndiyo afande" tukacheka wote. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Kwa muda mrefu sasa ndivyo ninavyocheka, na nadhani umeshaona, kwa sababu wewe hupitwi na kitu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Lugha ya kwetu West Nile hukuipata, ya mama yako kutoka upande wa Beni hukuipata, Kiganda umekiokota mtaani mwenyewe. Mimi na mama yako tulikutana ndani ya Kiswahili. Alikuja posti yetu ya polisi kuripoti robota la vitenge lililopotea, nikamwambia kama tulivyozoea kambini: "Wewe mama, kaa chini, sema jina!" Akaniangalia kutoka kofia mpaka buti. Akasema: "Kiswahili yako ni ya kukamata watu. Yetu ni ya kuuzisha." Vitenge havikupatikana, lakini alirudi kuuliza habari zake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Baadaye nilipelekwa kozi Tanzania miezi tisa, nikarudi nawasahihisha kila mtu, mkanipa jina la Mwalimu. Kiswahili hiki unachokisoma ndiyo matunda ya kozi ile, kwa hiyo kivumilie.

Sasa nifike nilikokuwa naenda. Ni habari ya blogu yako.

Nimeisoma yote, kuanzia siku uliyoifungua. Unajua hivyo, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kuifungua kwenye simu, na chini ya kila makala ya Kiingereza unaweka Kiswahili kifupi kwa ajili yangu na mama yako. Kwa mwezi huu wote umekuwa ukiandika juu ya taarifa ile ya polisi iliyosema kiwanja chetu, kisaawe, hakitumiki. Umeandika kwamba unamtafuta aliyeiandika. Umesema humtafuti ili umtukane. Umesema una swali moja tu la kumuuliza.

Mtu huyo ni mimi, Rehema.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama nikaenda kunywa maji. Nilitegemea kusikia kitu. Sikusikia chochote. Maji yalikuwa maji. Nimerudi nimekaa, na nitakueleza ilivyokuwa kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri.

Wewe ulizaliwa tukiwa bado kambini, ndani ya unipoti, ile nyumba ya bati ya duara ambayo mchana inakuoka na usiku inakugandisha. Familia mbili mbili ndani ya unipoti moja, pazia katikati. Ukikohoa, mke wa koplo wa upande wa pili anakwambia pole. Hapakuwa na mahali pa mtu kunyoosha mguu, achilia mbali kucheza. Kwa hiyo kila mtu alitoka kwenda kisaaweni. Sisi tulikiita kisaawe tu, kama Waganda wanavyokiita kiwanja chochote cha kuchezea, na hakikuwa na jina jingine. Upande mmoja ukuta wa kambi, upande wa pili nyumba za raia, katikati ardhi nyekundu iliyokuwa matope wakati wa mvua na vumbi wakati mwingine wote. Wazee wa Kiganda walikaa pembeni na mbao zao za mweso, ule mchezo wa bao. Kwaya ya Wakongo ilifanyia mazoezi nyuma ya goli. Na jioni, wanawake walichezea netiboli pale kwenye nguzo mbili ambazo fundi wa kambi alizichomelea pete za chuma.

Mama yako alikuwa mfungaji. Sijui kama unakumbuka sauti yake ilivyokuwa pale. Unajua kwamba alitoka kwao akiwa amepita mambo ambayo mpaka leo hajanisimulia, na mimi nimeacha kuuliza. Ndani ya nyumba alikuwa mtu wa maneno machache, wa kufunga madirisha mapema. Lakini kisaaweni alikuwa anapiga kelele. Alikuwa anamgombeza refa, anamgombeza Nalongo aliyekuwa kapteni wao, akifunga anakimbia huku amefunika uso kwa mikono anacheka. Nilikuwa nasikia sauti hiyo nikiwa lango la kambi, nikijua yule ni mke wangu. Nilikuwa najivuna, nikikwambia ukweli. Sikumwambia yeye.

Hilo la kutomwambia ni kosa langu la zamani, na lina ndugu zake. Ulipokuwa na miaka mitano ulilazwa Mulago kwa malaria. Nilifika pale na yunifomu yangu, nikaona ubao umeandikwa saa za kuona wagonjwa, na ilikuwa bado. Askari wa lango alinijua, akaniambia, "Afande pita tu." Nikamwambia hapana, nitasubiri. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara karibu saa mbili nzima, wewe ukiwa ndani unaweweseka na mama yako peke yake amekushika. Nilipoingia kwa wakati wake, mama yako alisema: "Wewe, hata mbinguni utasimama kwa mulango uombe karatasi." Watu wa wodi nzima walicheka. Mimi niliona nimefanya vizuri. Nilikuwa mtu wa kufuata kilichoandikwa, na kazi ilinipenda kwa sababu hiyo. Nilidhani ni uadilifu. Siku hizi nadhani sehemu kubwa ilikuwa woga, na ile sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa uvivu wa kufikiri.

Basi, mwaka wangu wa mwisho kazini, mkuu wa kituo aliniita asubuhi. Akasema: "Swaibu, enda pale kisaawe, ona nani iko, halafu andika. Watu ya ardhi nataka repoti kesho." Sikuuliza watu gani wa ardhi. Nilichukua kofia nikaenda. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi.

Wewe mwenyewe umeeleza vizuri kwenye blogu yako nini kinatokea kwenye kiwanja chochote cha Kampala saa nne asubuhi siku ya kazi. Watoto wako shule. Wanawake wako sokoni. Wazee wa mweso hawajamaliza chai. Nilikuta mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo ya netiboli. Nikatoa kijitabu changu cha mfukoni, nikaandika tarehe, saa, na kwamba sikukuta mtu. Mbuzi sikumwandika.

Nataka unielewe hapa, maana hili ni kosa ambalo raia hawezi kulifanya. Sisi tulifundishwa kwamba askari anaandika alichokiona akiwa zamu. Asichokiona hakipo. Anachokijua kama mume, kama jirani, kama mtu anayekunywa chai na watu, hicho anakivua pamoja na yunifomu. Ni mafundisho mazuri unapokuwa mahakamani, na mimi niliyashika mpaka yakanishika. Nilisimama pale nikijua kabisa kwamba pete ile ya chuma juu ya mbuzi ndiyo mke wangu anayofungia magoli kila jioni, na nikaandika kwamba hakuna mtu.

Kama ningeishia hapo, taarifa ingekuwa ya kweli, ya kijinga lakini ya kweli. Ila fomu ilikuwa na nafasi chini, ya maoni ya afisa. Kuacha nafasi wazi kwenye fomu ni kosa la nidhamu, walitufundisha hivyo pia. Nikaandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni manne: eneo halina matumizi yoyote. Nilifikiri kwa muda wa kufungua kifuniko cha kalamu. Karani akapiga chapa, nikaweka sahihi, nikaenda kula chakula cha mchana. Nilikula vizuri.

Swali lako uliloandika, la kumuuliza mtu huyo, nalikumbuka neno kwa neno: "Je, alirudi tena jioni?"

Ndiyo. Nilirudi jioni.

Sikutumwa. Nilikuwa natoka kazini kwenda nyumbani, na njia inapita pale. Saa kumi na moja na nusu nilisimama kwenye kona ya ukuta, kofia nimeiweka kwapani. Kisaawe kilikuwa kimejaa. Wanawake walikuwa wanacheza, kwaya inaimba nyuma ya goli, watoto kila mahali. Mama yako alifunga mara mbili nikiwa nimesimama. Nikatoa kijitabu, kwa mazoea tu, mkono wenyewe ulitoa, nikahesabu wanawake nikaandika: saa kumi na moja na nusu, netiboli, wanawake kumi na wanne. Nikakirudisha mfukoni. Taarifa ilikuwa bado kituoni, ingeondoka kesho yake. Ningeweza kurudi nikaomba karatasi nyingine. Hatua mia mbili, Rehema, labda mia tatu. Nikafikiri mkuu ataniuliza kwa nini nabadilisha maneno, na mwaka wangu wa mwisho sikutaka kuulizwa kitu. Nikaenda nyumbani kuvua buti.

Mengine unayajua kwa sababu ulikuwepo. Nilistaafu, tukahamia huku Kasubi, na mama yako akaendelea kupanda boda kila jioni kurudi kule kucheza, nikimtania kwamba ana mchumba kambini. Kisha yakaja mabati ya uzio kuzunguka kisaawe. Kisha malori. Wewe ulikuwa chuo, ukarudi likizo ukakuta wanawake wamekaa nje ya uzio juu ya matofali hawajui waende wapi, na ukawaka. Nilikuangalia ukizunguka na karatasi za sahihi nyumba kwa nyumba, ukigombana na mwenyekiti wa mtaa, ukinakili picha za zamani za watu kwenye simu yako. Ulikonda. Ulikuwa unalala na viatu. Na mimi nilikuwa nakuchemshia chai.

Kwenye ule mkutano mkubwa, uliposhinikiza mpaka ofisi ya ardhi ikatoa kopi ya taarifa, mliipata ikiwa imefunikwa sehemu ya jina na namba. Bwana mmoja wa ofisi hiyo, yule wa shati jeupe, akaisoma mbele ya watu wote, yale maneno yangu manne. Nalongo akasimama, kanga imemdondoka begani: "Banange! Na sisi tulikuwa nani? Sisi hapana watu?" Kisha akasimama mama yako. Unakumbuka. Mtu ambaye hajawahi kusema mbele ya umati, akasema: "Huyu polisi mwenye aliandika hivi, hana bibi? Hana mutoto? Mungu amuonyeshe bibi yake akilia, aone kama ni muzuri." Watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwa mbele unarekodi, hukuona nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni yake, nimemshikia mkoba.

Siku hiyo ndiyo niliyokufa ganzi. Naijua saa yake. Nilisikia maneno yanapita ndani yangu hayapati pa kugusa. Tulirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani, akalia, na mimi nikamwona akilia kama alivyoomba Mungu anionyeshe. Nikamletea maji. Kijitabu kilikuwa kwenye droo ya kabati lile la sebuleni, chini ya vyeti vyangu vya kozi. Ukurasa mmoja, asubuhi na jioni, mwandiko wangu. Mlikuwa mnahangaika kutafuta ushahidi kwamba watu walikuwepo, ushahidi wa wakati ule ule, wenye tarehe, kutoka kwa mtu wa serikali. Ukurasa huo ulikuwa hatua nne kutoka pale ulipokuwa unalalia kochi. Sikuufungua. Kila asubuhi nilisema leo, na kila jioni nilisema kesho, mpaka ukuta wa matofali ukachukua nafasi ya mabati na hapakuwa na cha kuokoa.

Mlishindwa. Wengine walirudi kwenye shughuli zao. Mama yako alirudi kwenye madirisha yake, na sasa goti limekataa, presha imepanda, na mchana mzima redio inaongea peke yake. Wewe peke yako hukukaa. Ulisema kama wanashinda kwa karatasi, basi na wewe utatengeneza karatasi. Ukaanza kwenda kwenye viwanja vya mji huu kimoja kimoja, kila kimoja ukikitembelea asubuhi, mchana na jioni, siku za kazi na za mapumziko, ukihesabu nani yuko, anafanya nini, anatoka wapi, na ukaanza kuandika kwenye blogu ili mtu mwingine akija kuambiwa kwamba kiwanja chake hakina watu awe na kitu cha kuweka mezani. Nilisoma makala ya kwanza nikajua kwamba binti yangu amejenga kazi nzima kuziba shimo nililolichimba mimi. Chuo cha Nairobi kimekuita usomee mipango ya miji kwa sababu ya blogu hiyo. Watu wananipongeza msikitini. Nasema alhamdulillahi.

Kuna siku uliniomba nikusindikize kuhesabu, kwa sababu vijana fulani walikusumbua wiki iliyotangulia. Tulikaa kwenye matofali mawili, wewe na daftari, mimi na karanga kwenye gazeti. Ukashangaa jinsi ninavyohesabu. Ukasema, "Baba, una jicho! Hata wanaoingia nyuma ya choo umewaona." Ulifurahi kweli. Kisha ukasema, "Kama yule mtu angekaa hapa na sisi saa moja tu." Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Hatujawahi kukaa karibu vile tangu ulipokuwa mdogo. Nilifungua mdomo, nikakuuliza kama unataka karanga. Ukachukua.

Sasa unaondoka, na mimi sitaki uende ukiendelea kumtafuta mtu ambaye alikuwa anakupokea mkoba mlangoni. Ndani ya bahasha utakuta kijitabu. Ukurasa nimeukunja pembe. Ni wako, ufanye nao unavyoona. Blogu inaheshimiwa kwa sababu huwa humfichi mtu. Juzi ulimtaja hata yule mwalimu uliyempenda, kwa sababu alikubali uwanja wa shule yake ugeuzwe maegesho. Ukinificha mimi, siku moja mtu atakuja kujua, na kila ulichohesabu kitatiliwa shaka. Ukinitaja, nitaulizwa msikitini, nitaulizwa dukani, na Nalongo atakuja mpaka hapa mlangoni, namjua. Nimeyafikiri yote hayo. Siwezi kukwambia naogopa, kwa sababu sisikii woga. Nasikia tu kwamba nimechoka kukuchemshia chai.

Sina mengi ya kukushauri. Nilikuwa na orodha kichwani tangu wiki iliyopita, ya kazi, ya marafiki, ya ndoa, na nikiisoma sasa naona ni maneno ya mtu mwingine, mtu aliyefaulu. Ninachokijua kwa hakika ni hiki kimoja. Sikukosea zaidi asubuhi. Asubuhi nilikuwa mjinga, na mjinga hufundishika. Nilikosea jioni, nilipokuwa nimeshaona na kijitabu kiko mkononi. Utafika mahali kama hapo, kila mtu hufika. Utakuwa umeshasaini, umechoka, unataka kwenda nyumbani, na kitu mbele yako kitakuwa kinakwambia umekosea. Rudi tu, mama. Uombe karatasi nyingine. Wakikuuliza kwa nini, waache waulize.

Usiiandike habari hii ndani ya basi ukiwa na hasira. Subiri upate chumba, upate meza. Kisha uandike kama ulivyoandika za wengine.

Nilikusudia kumalizia hapo. Nilikuwa nimeshakunja karatasi niiingize kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku lako, uikute ukiwa umeshavuka mpaka. Mama yako ameingia. Aliniona naificha, akadhani ni pesa nakupa kwa siri, akanyoosha mkono. Nimempa. Sikupanga. Mkono tu ulimpa, kama siku ile ulivyotoa kijitabu.

Amesoma akiwa amesimama, na mkoba wa kanisani begani, midomo inacheza kwa sababu husoma kwa sauti ya chini. Ilichukua muda mrefu. Alipofika mwisho akafungua bahasha, akatoa kijitabu, akatafuta ukurasa uliokunjwa. Akaweka kidole pale kwenye kumi na wanne.

"Na mimi uko unanihesabu humu?"

Nikamwambia ndiyo.

Akakaa. Hakunitukana. Nilikuwa nasubiri anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kwa miaka. Akaangalia ukuta, akasema polepole, kama mtu anayemsimulia mtu mwingine: "Ile siku nilikuona. Pale kwa kona, na kofia yako. Nilifunga mbili kwa ajili yako. Nilifikiri umekuja kuniangalia."

Kwa miaka yote hii, Rehema, alikuwa anaitunza kama siku ambayo mume wake alikuja kumwangalia akicheza. Sikuwa najua kwamba ana siku kama hiyo. Hapo nilisikia kitu. Kiliuma, na kinauma mpaka sasa ninapoandika, na sitaki kiache.

Ameniambia jambo moja tu baada ya hapo. Amesema barua hii haiendi kwenye sanduku. Amesema hutaisomea njiani kati ya watu usiowajua, ukifika mwisho huna wa kumuuliza. Utaisoma leo, ukirudi kutoka Kansanga, kabla hujavua viatu, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki mpaka umalize. Nimekubali.

Kwa hiyo umefika mwisho, mama. Inua macho. Niko mbele yako.

Baba yako,
Swaibu